Nani Amlipie Ada Mganga wa Wasioumwa?

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka 2000 simu ilipigwa Kampala kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Aliyetafutwa alikuwa Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor. Siku hizo hakuwa hospitalini kwake. Alikuwa mwanafunzi. Mtu wa miaka 42, aliyeiongoza hospitali hiyo katikati ya vita vya waasi, alikuwa amerudi kukaa dawatini Chuo Kikuu cha Makerere, akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii.

Habari ya simu ilikuwa fupi na mbaya: wanafunzi wa uuguzi wanakufa, na hakuna anayejua kinachowaua. Lukwiya akafunga safari ya Gulu. Akapekua majalada ya wagonjwa, akayalinganisha na miongozo ya kudhibiti homa za kutoka damu, akaamua kuwa hii ni Ebola kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha. Akaiarifu wizara, akatenga wodi, akasimamia vifaa vya kujikinga. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuwaua 224. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo ukamchukua na yeye mwenyewe.

Lukwiya anakumbukwa kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Ila mazungumzo haya yanalishika lile dawati la Makerere. Daktari bingwa wa watoto, mwenye hospitali ya kuongoza na vita mlangoni, anarudi shule kusoma nini tena? Anarudi kusoma maswali ambayo kitandani mwa mgonjwa hayana nafasi: ugonjwa umetoka wapi, aliyeosha maiti ni nani, amerudi kijiji gani, na kesho ataugua nani. Tabibu humtibu aliyelala. Mtu wa afya ya jamii huwahangaikia ambao bado wanatembea.

Hapo ndipo matatizo ya ada yanapoanzia.

Daktari wa upasuaji ana mteja. Daktari wa meno ana mteja, tena mteja anayelia na yuko tayari kulipa usiku uleule. Akisoma kwa mkopo, kliniki yake ya jioni itaulipa. Sasa mtu aliyesomea jinsi ya kuzuia kipindupindu, atamtumia nani ankara? Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba, lakini hajaonekana mtu aliyepanga foleni dirishani kulipia kinga. Mtoto ambaye hakuharisha hajui kuwa hakuharisha. Mama yake hana wa kumshukuru. Kwa hiyo msomi wa afya ya jamii karibu kila mahali duniani huishia kwenye mshahara wa serikali, wa shirika au wa chuo, na mshahara huo mara nyingi hautoshi kurudisha gharama za kuupata.

Ndiyo maana fani hii imesomewa kwa mfuko wa mtu mwingine tangu siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka 1909 tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alitoa fedha za kupambana na minyoo ya safura katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Kampeni ilipoanza kazi, ikagundua kuwa dawa zipo na vyoo vinaweza kuchimbwa, ila watu waliofundishwa kuendesha shughuli kama ile ni haba. Taasisi ya Rockefeller, iliyoundwa mwaka 1913, ikageukia shule. Mwaka 1916 ikagharamia kuanzishwa kwa shule ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Baadaye ikatoa fedha za kujenga ile ya London, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1929. Pamoja na majengo zikaja posho za masomo kwa watu wa nchi mbalimbali, ili wakasome, warudi kwao, wasimamie idara za afya.

Mkondo huohuo ndio uliofika Makerere. Miaka ya 1990 Rockefeller ilisaidia mpango ulioitwa shule za afya ya jamii zisizo na kuta, ukaanzia Zimbabwe, ukaingia Uganda na Ghana. Mwanafunzi hakufungiwa darasani kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya muda wake aliipitisha wilayani, akichunguza milipuko halisi na kuandika ripoti ambazo ofisi ya wilaya ilizihitaji kweli. Shahada aliyokuwa akiisomea Lukwiya ndiyo iliyozaliwa katika mpango huo.

Kwa hiyo anayetafuta ufadhili wa kusomea afya ya jamii leo, awe Tanga, Kisumu, Gisenyi au Bujumbura, haombi hisani ya ajabu. Anaingia katika utaratibu wenye umri wa zaidi ya karne moja. Kinachobadilika ni nani anafungua mkoba, na anataka nini baada ya kuufungua.

Milango inayotajwa sana maofisini na katika makundi ya WhatsApp ni ileile. Upo wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983, unaolipia mwaka mmoja wa uzamili. Upo wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa katika mkutano wa Oxford wa mwaka 1959. Upo wa DAAD wa Ujerumani, wenye orodha maalumu ya kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, afya ya kimataifa ya Heidelberg ikiwamo kwa miaka mingi. Upo wa Taasisi ya Sweden. Upo wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987 kwa ajili ya watu ambao tayari wako kazini. Na kwa wanaotumia Kifaransa, Kongo na Burundi, njia ya zamani imekuwa Antwerp, kwenye Taasisi ya Tiba ya Tropiki, kwa fedha za ushirikiano wa maendeleo wa Ubelgiji. Ramani ya ufadhili inafanana sana na ramani ya ukoloni: Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, Burundi na Kongo hazimo, na jambo hilo peke yake huamua ni fomu ipi mtu ataijaza.

Fomu zenyewe zina tabia. Chevening inataka saa 2,800 za kazi. Namba hiyo huwatisha watu, nayo ni hesabu nyepesi: saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, miaka miwili. Wasweden wao wameweka saa 3,000. DAAD huhesabu miaka: angalau miwili ya kazi, na shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita tangu kupatikana.

Hilo sharti la miaka sita lina kichekesho chake kichungu. Mchukulie ofisa afya wa mazingira aliyehitimu chuo na kupangiwa wilaya ya mbali. Mwaka wa kwanza anatafuta nyumba. Wa pili na wa tatu anapigana na kipindupindu. Wa nne anakaimu ofisi kwa sababu mkuu wake amehama. Wa tano anaoa. Wa sita intaneti ya kueleweka inafika makao makuu ya wilaya, na wa saba anausikia ufadhili kwa mara ya kwanza, kutoka kwa kijana aliyehitimu juzi. Yule anayeijua jamii kuliko wote ndiye aliyekwishapitwa na tarehe. Kijana wa mjini mwenye kompyuta yake mwenyewe, aliyefanya miaka miwili katika mradi, yuko ndani ya muda na ana wadhamini watatu wenye vyeo vya uprofesa.

Halafu kuna gharama ambazo hazimo katika tangazo. Tangazo husema ufadhili kamili. Kabla ya huo ukamilifu, mwombaji amelipia mtihani wa Kiingereza, pasipoti, nakala za matokeo kutoka chuoni, nauli ya kufuata saini Dodoma au Nairobi, na, kwa viza ya Uingereza, kipimo cha kifua kikuu. Baadhi ya wafadhili hurudisha sehemu ya fedha hizo baadaye. Lakini wa kurudishiwa ni aliyefaulu. Aliyeshindwa amezika mshahara wa miezi kadhaa katika bahasha.

Na kuna ruhusa. Mtumishi wa umma hawezi kufunga begi akaondoka. Anahitaji barua ya mwajiri. Mwajiri anauliza: mshahara utaendelea? Nafasi yake nani ataishika? Akimaliza atarudi hapa, au tutamwona kwenye picha ya shirika fulani amevaa fulana ya mradi? Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo iliyozaa mikataba ya utumishi, kwamba ukisomeshwa miaka miwili utatumikia kadhaa. Nje nako wamejifunza. Anayesomeshwa na Chevening lazima arejee kwao kwa muda usiopungua miaka miwili.

Norway waliwahi kulifanya jambo hili kwa ustadi wa pekee. Mpango wao wa Kwota, ulioanza mwaka 1994, uliwapeleka Watanzania na Waganda wengi katika vyuo vyao, Bergen kikiwamo, chenye kituo mashuhuri cha afya ya kimataifa. Sehemu ya fedha ilikuwa ruzuku, sehemu mkopo. Mwanafunzi akirudi kwao moja kwa moja, mkopo ulifutwa. Akibaki Ulaya, deni lilimngoja. Hakuna kiapo wala polisi wa viwanja vya ndege; hesabu tu. Mpango huo ulisitishwa katikati ya miaka ya 2010, na mwaka 2023 Norway, iliyokuwa kimbilio la wasio na ada, nayo ikaanza kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Uholanzi nayo ilikuwa na mpango wa Orange Knowledge, ulioanza mwaka 2017 na kuwapeleka wengi Amsterdam kwenye Taasisi ya Kifalme ya Tropiki. Nao umemaliza muda wake.

Shirika la Aga Khan limechagua njia ya katikati. Ufadhili wake wa kimataifa wa uzamili, unaozifikia Kenya, Tanzania na Uganda, hutolewa nusu kwa nusu: nusu zawadi, nusu mkopo wa kurudisha. Wako wanaoukimbia kwa sababu ya hiyo nusu ya pili. Wako pia wanaoutetea, wakisema anayejua kuwa atarudisha husoma kwa akili nyingine.

Msikilizaji aliye mama wa watoto wawili atakuwa na swali lake la peke yake. Umri wa kusomea afya ya jamii, kwa kuwa wafadhili hutaka kwanza uzoefu wa kazi, ndio umri wa kulea. Tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa kawaida wa uzamili wa darasani kuja na mwenza au watoto. Aliyelipiwa na serikali ndiye aliyebakiziwa upenyo. Mwaka mmoja si mwingi kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni theluthi ya maisha yake. Kamati za uteuzi hupenda kusema zinahimiza wanawake waombe, lakini posho ya yaya haimo katika bajeti za wengi.

Yapo masharti yaliyoandikwa, na lipo moja lisiloandikwa: fedha huja na swali lake. Mwaka 1988 Kituo cha Fogarty, kilicho chini ya taasisi za afya za taifa za Marekani, kilianzisha mpango wa mafunzo ya utafiti wa Ukimwi kwa nchi za nje. Mwaka 2003 ukaja mfuko mkubwa wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR. Matunda yake yanaonekana hadi leo Nairobi, Dar es Salaam, Moshi na Kampala: maprofesa, maabara, takwimu na dawa zilizookoa maisha ya mamilioni. Mwanafunzi aliyetaka kuandika tasnifu juu ya VVU alipata msimamizi, data na nauli ya kwenda uwandani. Mwenzake aliyetaka kuchunguza ajali za bodaboda, kung'atwa na nyoka, shinikizo la damu au sonona za akina mama alipata pongezi kwa kuwa na wazo zuri. Chungu cha Ukimwi kilikuwa kikubwa na kililisha wengi. Ila anayeleta chungu ndiye anayechagua mboga.

Mwaka 2025 chungu kikaanza kuondolewa jikoni.

Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafikia mwisho wake rasmi. Mwezi Mei taasisi za afya za Marekani zilitangaza kuzuia utaratibu wa kupitisha ruzuku za utafiti kwa washirika wa nje hadi uwekwe utaratibu mpya, na pendekezo la bajeti la Ikulu likataka Kituo cha Fogarty chenyewe kifutwe. Februari Uingereza nayo ilikuwa imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Viza zikafuata: Juni 2025 Burundi iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa viza za masomo za Marekani, na kuanzia Januari 2026 Tanzania ikaongezwa. Mtanzania au Mrundi mwenye barua ya kukubaliwa chuoni Baltimore au Atlanta, na ufadhili juu yake, anaweza leo kuikunja barua hiyo na kuiweka pamoja na vyeti vingine.

Nao Wamarekani wenyewe hawakusalimika. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaufunga, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba pengo lote la gharama za uzamili. Badala yake kuna vikomo. Anayesomea taaluma inayotambuliwa kama ya kitaalamu, udaktari au sheria kwa mfano, ataweza kukopa hadi dola 50,000 kwa mwaka. Mwanafunzi mwingine wa uzamili ataishia dola 20,500. Novemba 2025, kamati iliyokaa kufafanua taaluma zipi zihesabiwe kuwa za kitaalamu iliiacha nje afya ya jamii. Vyama vya shule za afya ya jamii vikapiga kelele. Lakini mantiki ile ya zamani imejirudia mchana kweupe: daktari wa meno ana mteja atakayelipa deni, mchunguzi wa milipuko hana.

Katika nchi hiyohiyo, mwaka mmoja kabla, tajiri Michael Bloomberg alikuwa ametoa dola bilioni moja kwa Johns Hopkins. Sehemu kubwa ilikwenda kuwafutia ada wanafunzi wengi wa udaktari, na nyingine kuongeza misaada katika fani nyingine, afya ya jamii ikiwamo. Karne moja baada ya Rockefeller, tajiri mwingine anaziba pengo lilelile katika shule ileile.

Afrika Mashariki haina Bloomberg. Ina bodi za mikopo. Ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na mzigo wake mkubwa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1995, ina dirisha la uzamili. Serikali zimeanza pia kusomesha madaktari bingwa. Tanzania ina mpango wa ubingwa na ubingwa bobezi wenye jina la Rais Samia. Hilo ni jambo jema, na kila mwenye ndugu aliyewahi kusafirishwa kutoka Sumbawanga hadi Muhimbili kwa ajili ya kipimo kimoja anajua thamani yake. Ila bingwa wa moyo hupigwa picha akiwa chumba cha upasuaji. Mtu aliyepunguza chumvi katika mikate ya mkoa mzima atapigiwa picha wapi?

Kenya ilionyesha mwaka 2024 kuwa ada ya uzamili inaweza kuwa suala la barabarani. Madaktari waligoma kwa takribani miezi miwili, kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Mei. Magazeti yalishika zaidi suala la mishahara ya madaktari wanagenzi, lakini ndani ya madai yao lilikuwamo la kulipiwa karo kwa madaktari wanaosomea uzamili, kama walivyoahidiwa katika makubaliano ya mwaka 2017. Mtu anafanya kazi wodini usiku kucha katika hospitali ya rufaa, na asubuhi chuo kinamdai karo ya kujifunza kazi hiyohiyo aliyoifanya usiku.

Mambo yaliyofanyika nyumbani na kufaulu yapo, nayo yanafanana na zile shule zisizo na kuta. Kenya tangu mwaka 2004, na Tanzania tangu 2008 kupitia chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, zimekuwa na mafunzo ya miaka miwili ya epidemiolojia ya uwandani, yaliyojengwa kwa msaada wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Mwanafunzi hulipiwa, na malipo yake kwa taifa huanza kabla hajahitimu, maana darasa lake ni mlipuko wenyewe. Tanzania ilipotangaza Marburg mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023, kazi iliyotakiwa ndiyo hiyo: kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, kuwafuatilia nyumba kwa nyumba, kujua nani alihudhuria msiba upi. Mlipuko uliishia kwa wagonjwa tisa, sita kati yao wakafariki. Mtu anaweza kuziweka namba hizo kando ya zile za Gulu, 425 na 224, akatafakari.

Kilifi nako, pwani ya Kenya, ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na mfuko wa Wellcome ulioanza mwaka 1989 umekuwa ukiwalea vijana kuanzia mafunzo ya kazi hadi uzamivu bila kuwang'oa Afrika. Nairobi, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini wanaendesha tangu 2008 mpango wa CARTA, unaowasomesha uzamivu wahadhiri wa vyuo vya Afrika wakiwa waajiriwa wa vyuo hivyo. Mpango wa TDR wa Shirika la Afya Duniani, unaohusu utafiti wa magonjwa ya tropiki, ulibadili njia mwaka 2015: ukaanza kulipia uzamili wa wanafunzi katika vyuo kama cha Zambia, Ghana na Witwatersrand. Na Butaro, milimani kaskazini mwa Rwanda, kuna chuo kizima cha usawa katika afya kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health la hayati Paul Farmer, ambako wengi husoma kwa ruzuku.

Ipo pia njia isiyohitaji viza. Tangu mwaka 2002 Jumuiya ya Madola hutoa ufadhili wa masomo ya masafa, na shule ya London ni miongoni mwa zinazofundisha afya ya jamii kwa njia hiyo. Mtu hubaki kwenye kituo chake cha kazi, mshahara wake haukatiki, mtoto wake halali kwa bibi. Lakini ni kusoma baada ya zamu, umeme ukiwapo.

Hata hivyo, mfadhili anayewasomesha wengi kimyakimya hana tovuti wala nembo. Ni hati ya mshahara. Muhimbili wana mkondo wa uzamili wa watu walio kazini, na vyuo vingine vina madarasa ya jioni na ya mwisho wa wiki. Madarasa hayo yamejaa watu waliochukua mkopo wa SACCOS, waliouza kiwanja cha Chanika, waliopokea mchango wa ukoo. Makato yatakwenda miaka mitano. Mwaka 2001 mjini Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo ina umri wa kijana aliyemaliza chuo. Halmashauri ikisomesha mtu mmoja tu kwa awamu, kwa mkataba wa kurudi na kwa swali la utafiti linalotoka katika daftari la wagonjwa la wilaya yake, gharama yake kwa Muhimbili au Makerere ni sehemu ndogo tu ya gharama ya London. Na swali litakuwa la kwao: kichocho cha ziwani, bodaboda za barabara kuu, presha za wazee wa Unguja.

Kwa anayeomba mwaka huu, wazoefu wana maneno machache. Ufadhili wa kweli wa Chevening, DAAD au Jumuiya ya Madola hauombi fedha ya fomu. Anayetaka elfu hamsini kwa simu ili akushughulikie ni mwizi, hata kama picha yake ina bendera ya Uingereza. Barua ya maelezo isianze na umaskini wa nyumbani. Ianze na tatizo: kata fulani, chanjo fulani, kilichojaribiwa, kilichoshindikana na sababu yake. Msomaji wa London amesoma barua mia zinazosema mwandishi ana shauku ya kuisaidia jamii. Hajasoma inayoeleza kwa nini majokofu ya chanjo ya zahanati tatu yaliharibika msimu uleule wa mvua.

Na saa zihesabiwe vizuri. Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba, kwa hiyo Septemba ndio mwezi wa hesabu. Ofisa afya yupo ofisini baada ya wenzake kuondoka, amegeuza nyuma ya karatasi ya takwimu za surua, anaandika: thelathini na tano mara arobaini. Anasita. Zile Jumamosi za kampeni ya chanjo alizokwenda kwa kujitolea kabla hajaajiriwa, zinaingia? Zinaingia, Chevening hukubali kazi za kujitolea. Anajumlisha tena kutoka juu, anapata 2,960. Simu imebaki na chaji kidogo na mdhamini wa pili hajajibu. Anamwandikia ujumbe mwingine, wa heshima zaidi kuliko wa kwanza, kisha anaizima simu, kwa sababu kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la chanjo linaondoka kwenda shule ya msingi ya upande wa pili wa mto, na namba ya dereva imo humo ndani.